UZI: Mbona makaa hayaishi Kibera na Kawangware? Historia ya moto wa chumba kimoja

1/ Kila bajeti ikisomwa bungeni, mjadala unarudi pale pale. Huyu anataka kodi ya gesi iondolewe. Yule anauliza pesa za barabara na hospitali zitatoka wapi. Halafu anatokea mtaalamu mmoja, anakohoa kidogo, anasema shida kubwa ni kwamba watu wa mitaa ya chini "hawajaelimishwa" kuhusu nishati safi. Hilo neno ndilo limenifanya niandike. Kaeni chini, uzi ni mrefu.

2/ Sitataja chama wala mwanasiasa. Kila serikali tuliyowahi kuwa nayo ina mkono wake kwa hii hadithi, kwa hivyo ukija kwa comments kupigania mtu wako utakuwa umepoteza bando bure. Nasomea sayansi ya siasa. Nimekulia Kawangware, karibu na steji ya 46. Shangazi yangu anaishi Kibera, upande wa Makina.

3/ Shangazi ana majiko matatu kwa chumba kimoja. La makaa liko mlangoni. Stovu ya mafuta taa iko chini ya kitanda. Meko ya gesi ya kilo 6 iko kwa kona. Ukimuuliza mbona matatu, anakujibu: "Mwezi una siku thelathini, pesa ina siku kumi." Nataka niwaonyeshe kwamba hayo majiko si ujinga. Kila moja lina tarehe yake kwa historia ya nchi hii.

4/ Tuanze na ardhi, maana ndiyo mzizi. Mwaka 1904 wanajeshi wa asili ya Sudan waliotumikia Waingereza katika King's African Rifles walianza kupewa makao kwenye msitu ulio kusini-magharibi mwa Nairobi. Wanubi wakapaita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Lakini hati hawakupewa. Walikaa pale kwa hisani ya serikali, na hisani haina karatasi.

5/ Miaka ikasonga, ekari zikamegwa kidogo kidogo, estate za watu wenye hati zikajengwa pembeni. Jamii ya Wanubi ilikuja kukabidhiwa hati ya pamoja mwaka 2017, ya ekari 288. Linganisha na zile 4,197. Sehemu kubwa ya Kibera iliyobaki ni ardhi ya serikali. Mwenye nyumba anamiliki mabati na udongo tu, na kile kilicho chini yake si chake.

6/ Kawangware ni hadithi nyingine. Eneo la Dagoretti lilikuwa upande wa hifadhi ya Wakikuyu wakati wa ukoloni, likaingizwa ndani ya mipaka ya jiji karibu na uhuru. Mashamba yalikuwa ya familia, yakapimwa, yakapata hati. Mji ulipofika, mwenye shamba alibadilisha mahindi na mistari ya vyumba vya kupangisha. Kwa hivyo Kawangware kuna landilodi wa kweli, mwenye karatasi. Shikeni hiyo tofauti, tutairudia kwenye stima.

7/ Sasa stima yenyewe. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa mwaka 1922, ikabadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting mwaka 1983. Nyaya zilifuata mitaa ya walioweza kulipa na waliokuwa na anwani. Sehemu kama Kibera zilihesabiwa ni makao ya muda, yatakayobomolewa siku moja. Nani atasimika transfoma mahali anapopanga kubomoa? Basi watu wakaishi karne nzima ya "muda" na koroboi.

8/ Ndiyo maana jiko la kwanza la shangazi ni la makaa. Kijiji kilichoitwa msitu kiliisha miti, kikaanza kununua msitu wa watu wengine kwa gunia: Kitui, Narok, Kajiado. Na hakuna anayenunua gunia, tunanunua mkebe. Hii ni sheria ya kwanza ya uchumi wa kadogo: unanunua kile pesa ya leo inatosha, hata kama kwa hesabu ya mwezi unalipa zaidi.

9/ Hapa kuna kisa ambacho wenye "elimisha wananchi" wangekisoma kwanza. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati mbadala hapa Nairobi. Kutokana na hamasa ya wakati huo, wahandisi, shirika la KENGO na mafundi wa jua kali wakatengeneza jiko jipya. Wazo lilitoka kwa jiko la ndoo la Thailand: mkebe wa mabati, ndani udongo uliochomwa. Ndilo hilo hilo jiko ambalo leo liko kila mahali, lenye kiuno chembamba.

10/ Jiko hilo lilipunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 ukilinganisha na lile la bati tupu. Lakini kilicholisambaza si semina. Fundi wa Shauri Moyo na Gikomba aliweza kulitengeneza kwa nyundo na bati kuukuu. Mama aliweza kulibeba kwa mkono mmoja, na bei iliingia kwa mfuko wake. Hakuhitaji kubadilisha sufuria, wala kuomba ruhusa ya mwenye nyumba. Watu walielewa faida mara moja kwa sababu mkebe wa siku moja ulianza kumaliza siku na nusu.

11/ Basi "wananchi hawajaelimishwa" imeanza kuyumba, si ndiyo? Wacha niongeze ushahidi mwingine kutoka Kibera yenyewe. Makaa yakisafirishwa na kupimwa, kiasi kikubwa kinabaki vumbi. Vikundi vya akina mama na vijana wakawa wanalikusanya, wanalichanganya na udongo na maji, wanalifinyanga, wanalianika. Watafiti wa World Agroforestry na wenzao wakaenda kupima, matokeo yakachapishwa mwaka 2013.

12/ Walipika githeri ya familia ya watu watano. Kwa makaa ya vumbi, gharama ilikuwa Sh3. Kwa makaa ya kawaida Sh26. Kwa mafuta taa Sh45. Soma tena hizo namba. Watu ambao ati hawajui kuhifadhi nishati walikuwa wameokota taka ya barabarani na kuifanya moto wa Sh3. Hakuna familia ya Lavington, pale ng'ambo ya barabara kutoka kwetu, iliyowahi kubana matumizi kiasi hicho.

13/ Tuje kwa jiko la pili, stovu. Mafuta taa yalishika mjini kwa sababu mbili. Yanauzwa kwa kipimo chochote: ukiwa na shilingi 20, unapeleka chupa, unawekewa ya shilingi 20. Na yanawaka haraka. Mtu anayetoka saa kumi na moja asubuhi kutembea hadi Industrial Area hana nusu saa ya kupepea makaa. Ni mabaya kwa mapafu, yanaunguza vyumba, kila mtu anajua. Lakini yanakubali sarafu.

14/ Halafu ukafika mwaka 2018. Kama kuna mwaka mmoja wa kukumbuka kwa hii hadithi yote, ni huo. Februari serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, kwanza kwa siku 90, ikaendelea kuongezwa kwa miaka. Kitui nao walikuwa wamepinga malori ya makaa kupita. Sababu ilikuwa ya kweli: mito ilikuwa inakauka na misitu inaisha. Sibishani na hilo. Lakini mkebe ukapanda bei.

15/ Septemba mwaka huo huo ikaja tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa. Nayo ilikuwa na sababu. Wafanyabiashara walaghai walikuwa wanachanganya mafuta taa, yaliyokuwa rahisi, na dizeli, wanaharibu injini za watu na kukwepa kodi. Ukilinganisha bei, ulaghai unakosa faida. Sera hiyo ilifanya kazi kwa kile ilichokusudia: mauzo ya mafuta taa yalishuka sana.

16/ Sasa angalia kutoka chumbani kwa shangazi. Ndani ya miezi minane, moto wake wa kwanza umepanda kwa ajili ya miti, moto wake wa pili umepanda kwa ajili ya dizeli ya watu wengine. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema "leo tuwaumize maskini." Kila uamuzi ulifanywa kwenye ofisi yake, na hoja yake nzuri, na hakuna ofisi hata moja ambayo kazi yake ilikuwa kuzijumlisha. Darasani tunafundishwa kutafuta nia mbaya ya watawala. Mara nyingi ukichimba unakuta tu kwamba hakuna aliyepiga hesabu ya mwisho.

17/ "Lakini gesi si ilikuwepo?" Ndiyo. Tuje kwa jiko la tatu. Mwaka 2016 gesi ya kupikia iliondolewa kodi ya VAT. Mwaka huo huo serikali ikaanzisha mradi wa mitungi ya kilo 6 pamoja na kichomeo kwa Sh2,000. Wazo lilikuwa zuri kabisa, kwa sababu liliona ukuta halisi: si bei ya kujaza, ni bei ya kuanza. Mradi ukakwama. Mitungi mingi ilipatikana na kasoro, na nyumba nyingi zilizolengwa hazikuuona.

18/ Watu wakanunua meko wenyewe, wengine kupitia chama, wengine kidogo kidogo. Sensa ya 2019 ikaonyesha gesi inapikia asilimia 23.9 ya nyumba Kenya nzima, kuni zikiwa bado asilimia 55.1. Mjini kasi ilikuwa kubwa zaidi. Yaani watu walikuwa wanahama. Bila semina.

19/ Halafu Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudi kwa gesi. Julai 2022 ikashushwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ikaondolewa tena. Hesabu: bila kodi, kisha asilimia 16, kisha 8, kisha bila kodi, ndani ya miaka saba. Wewe ungekuwa mama wa watoto watatu, ungetupa jiko la makaa? Mimi nisingetupa. Shangazi hakutupa. Sera ikigeuka kila bajeti, mtu mwenye akili anaweka majiko matatu.

20/ Na tuwe wakweli upande wa pili pia. Wanaosema "ondoa tu kodi, kila kitu kitakuwa sawa" wanarahisisha. Tuseme kujaza kilo 6 ni Sh1,160 pamoja na VAT. Ukiondoa kodi inakuwa Sh1,000. Nafuu, ndiyo. Lakini bado ni Sh1,000 kwa mpigo mmoja, na kibarua cha siku hakilipi hivyo. Ndiyo maana mtaani kukaja gesi ya kulipia kwa simu kidogo kidogo, na kuanzia 2019 mashine za ethanoli madukani, ulikuwa unajaza ya pesa uliyokuwa nayo. Waliounda hizo walielewa mkebe na chupa. Walisoma sheria ya kwanza ya kadogo.

21/ Sasa turudi kwa stima, kwa sababu hapa ndipo Kenya ina bahati ambayo hatuitumii. Olkaria ilianza kutoa umeme wa mvuke mwaka 1981. Leo, ukijumlisha mvuke, maji, upepo na jua, karibu asilimia 90 ya umeme wetu hautoki kwa mafuta wala makaa ya mawe. Nchi nyingi tajiri zinaota hiyo namba. Kwa maneno mengine, familia ya Nairobi inayopikia stima inapika kwa moto msafi kuliko familia nyingi za Ulaya. Basi kwa nini shangazi hapikii stima?

22/ Kibera: kwa miaka mingi stima ilikuwa ya sambaza. Kuna jamaa mwenye waya, unamlipa kwa mwezi, bei moja, utumie taa moja au redio usiku kucha. Ni hatari, watu wamekufa kwa nyaya hizo na nyumba zimeungua. Miaka ya 2010 Kenya Power, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilileta mita za tokeni kwenye mitaa ya mabanda kwa ada ya Sh1,160 wakati mtu wa kawaida alikuwa anadaiwa karibu Sh35,000 kuunganishwa.

23/ Mwanzoni walikuja na nguvu: kata waya, ng'oa, ondoka. Usiku waya zikarudi. Walipobadilisha njia, wakakaa na wazee wa mtaa na vikundi, wakaeleza, wakashirikisha vijana, namba zilipanda haraka. Lakini baadhi ya wateja walirudi polepole kwa sambaza. Ubishi wa mtandaoni unasema ni "tabia ya wizi." Fikiria motisha: sambaza inalipwa bei moja ya mwezi, na mwenye waya anaweza kukungoja hadi Ijumaa. Tokeni haingoji.

24/ Ona pia ilivyoua kuhifadhi nishati. Kwa sambaza, ukizima taa huokoi chochote, bei ni ile ile. Mwaka 2010 Kenya Power iligawa balbu milioni 1.25 za kubana matumizi kwa wateja wake. Mpango mzuri. Lakini "mteja" ni mtu mwenye mita. Huwezi kumwambia mtu azime taa kama hujampa mita inayomlipa akizima.

25/ Kawangware: huku mita ipo, lakini ni ya landilodi. Moja kwa ploti nzima. Sasa hesabu hii ndiyo iliyoniuma nilipoielewa, nikiwa tayari niko chuo. Kuna bei nafuu ya stima kwa nyumba zinazotumia kidogo. Novemba 2018 iliwekwa kwa wanaotumia hadi uniti 100 kwa mwezi. Aprili 2023 ikashushwa hadi uniti 30. Lengo ni kumlinda anayetumia kidogo. Safi.

26/ Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 20: taa, simu, televisheni ndogo. Kila familia iko chini kabisa ya 30. Lakini mita inaona uniti 200. Mita haijui vyumba. Inajua ni "nyumba" moja inayotumia sana, kwa hivyo wote kumi wanahesabiwa bei ya juu ya nyumbani. Bwana anayeishi peke yake kwenye fleti, mara nyingi hayupo, mita yake mwenyewe, anapata bei ya maskini. Maskini kumi wanapata bei ya tajiri.

27/ Halafu kuna sheria za ploti. Kwetu keateka aliandika ukutani: HAKUNA PASI, HAKUNA KOILI, HAKUNA HITA. Alikuwa anapita usiku kusikiliza mita. Mama alikuwa anapiga pasi sare yangu ya shule kwa pasi ya makaa, nyaya za umeme msafi kuliko wa Ulaya zikipita juu ya kichwa chake. Hakukosa elimu. Mama alikosa mita.

28/ Kwa hivyo unaona ile tofauti ya ardhi ilivyofika jikoni. Kibera huna hati, kwa hivyo stima ilichelewa na ikaja na vita. Kawangware hati iko, lakini ni ya mtu mmoja, kwa hivyo stima ni yake na wewe ni mgeni wa waya wake. Ardhi ni tofauti na historia ni tofauti, lakini jiko la mlangoni ni lile lile.

29/ Hoja yangu kwa sentensi moja: familia ya chumba kimoja hubadilisha moto pale kipimo cha kuuzia, gharama ya kuanza na mwenye ardhi au mita wanaporuhusu, na si pale inapohubiriwa. Jiko la miaka ya 1980 lilipita vizuizi vyote vitatu, likaenea. Meko ilikwama kwa gharama ya kuanza na kodi inayoyumba. Stima imekwama kwa mita.

30/ Mtu ataniuliza, "Basi nyumbani tufanye nini, tungoje serikali?" La. Loweka maharagwe usiku, funika sufuria, zima moto githeri ikiwa karibu kuiva na uifunge kwenye kikapu chenye blanketi iive yenyewe. Washa jiko la makaa nje, na usilale nalo ndani hata siku moja, hewa yake inaua kimya. Lakini nimekuwa nikiandika hii sehemu nikicheka, kwa sababu mama zetu ndio walionifundisha yote. Wao ndio wangekuwa wanafundisha semina.

31/ Kwa hivyo mgombea akija steji ya 46 au pale Kamukunji Kibera na wimbo wa nishati safi, usimpigie makofi wala usimzomee. Muulize maswali manne.
Moja: kodi ya gesi itakaa hivyo miaka mitano, au ni hadi bajeti ijayo?
Mbili: nani analipia mtungi wa kwanza?
Tatu: bei nafuu ya stima itahesabiwa kwa mita au kwa chumba?
Nne: mpangaji anaweza kupata mita yake bila kumpigia landilodi magoti?

32/ Akijibu hayo manne, msikilize, chama chochote. Akikuambia tatizo ni kwamba haujaelimishwa, mwalike jioni moja kwenu. Mpe mkebe mmoja wa makaa, Sh50 na watoto watatu wenye njaa. Tuone yeye atahifadhi nini.

Mwisho wa uzi. Kama ploti yenu iko na mita moja, andika hapa chini mko vyumba vingapi. Nataka kuhesabu.